Gandhi Wakili na Kesi ya Pauni 40,000

Jina la Mohandas Karamchand Gandhi si geni kwa yeyote aliyewahi kufungua kitabu cha historia. Tunamjua kama mzee mwembamba mwenye shuka nyeupe, aliyewaongoza Wahindi kudai uhuru wao bila ya silaha hata wakaupata mwaka 1947. Lakini kabla ya kuwa mzee huyo alikuwa kijana wa suti na kilemba, na chakula chake alikipata kwa kazi ya uwakili. Kazi hiyo aliifanya kwa muda wa miaka ishirini hivi katika Afrika ya Kusini, na wengi katika wateja wake walikuwa wafanyabiashara waliogombania madeni, hesabu na ushuru. Habari hizi hazisimuliwi sana, nami nimeona vema nizilete katika gazeti letu.

Nina sababu mbili za kumchagua. Ya kwanza ni kwamba darasani kwetu, Kidato cha Tatu, tukiulizwa tunataka kazi gani baadaye, hawakosi watano au sita wa kujibu kuwa watakuwa mawakili. Wakiulizwa kwa nini, husema kuwa wanajua kubishana. Ya pili ni kwamba wazazi wetu wengi ni watu wa duka, wa mashua, wa lori na wa shamba, na hakuna kitu kinachovunja undugu upesi kama fedha zisizoandikwa vizuri. Maisha ya Gandhi yana neno la kuwaambia wote wawili, mtoto na mzazi.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba, 1869, katika mji wa Porbandar, ulio pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Baba yake alikuwa waziri wa mtawala wa huko. Baba huyo alifariki mwaka 1885, na jamaa wakaona kuwa kijana akisoma sheria Uingereza ataweza kuishika heshima ya nyumba. Basi Septemba 1888 alipanda meli kwenda London. Alisoma karibu miaka mitatu, na tarehe 10 Juni, 1891, akakubaliwa kuwa wakili. Siku mbili baadaye alikuwa melini anarudi kwao. Alipofika akaambiwa kwamba mama yake aliyempenda sana amekwisha kufa, na kwamba jamaa walimficha habari ile ili isimvunje moyo katika ugeni.

Msomaji atadhani kuwa mtu aliyetoka London na cheti chake alipokewa kwa shangwe na wateja. La. Alikwenda Bombay kutafuta kazi, na kesi yake ya kwanza ilikuwa katika mahakama ya madai madogo. Malipo yake yalikuwa rupia thelathini. Dalali wa kesi akataka fungu lake katika fedha hizo, Gandhi akakataa kumpa, na kwa kukataa huko akajifungia milango mingi. Hata siku ya kesi ilipofika, akasimama ili awasaili mashahidi wa upande wa pili. Kichwa kikamzunguka, miguu ikatetemeka, asipate hata swali moja. Akaketi, akamwambia aliyemleta kwamba hawezi kuendelea, afadhali wamtafute wakili mwingine. Akatoka mahakamani upesi kwa haya.

Baada ya hapo alijaribu kupata kazi ya ualimu wa Kiingereza, akakataliwa kwa sababu hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Akarudi Rajkot, mji walikokaa jamaa zake, akawa anaandikia watu barua za maombi na malalamiko. Kazi ile ilimpa mkate, lakini haikumpa furaha.

Hapo ndipo ilipokuja barua kutoka kwa kampuni ya Dada Abdulla, Mhindi Mwislamu wa Porbandar aliyekuwa na biashara kubwa kule Natal, Afrika ya Kusini. Kampuni ilikuwa na kesi ya pauni 40,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Ilikuwa na mawakili wa Kizungu, lakini ilitaka mtu wa kwao mwenye kujua Kigujarati na Kiingereza, awafahamishe mawakili wale mambo yalivyo. Wangempa pauni 105 kwa mwaka, nauli ya kwenda na kurudi, na gharama za kukaa kwake. Gandhi alitambua kuwa aliitwa kama mtumishi wa kampuni zaidi ya kuitwa kama wakili. Hata hivyo akakubali, akaondoka Bombay Aprili 1893, naye umri wake miaka ishirini na mitatu.

Safari hiyo ilimpitisha pwani yetu. Meli ilitia nanga Lamu baada ya siku kumi na tatu hivi. Njiani nahodha alikuwa akicheza naye sataranji, na alimwonya kuwa maji ya bandari ile ni ya hila, asichelewe kurudi. Gandhi akashuka, akaenda posta, akafurahi kuwakuta makarani wa Kihindi, wakazungumza. Alipokuwa anarudi, mashua yake ilikuwa imejaa watu kupita kiasi, mkondo ulikuwa mkali, na ngazi ya meli ilikuwa imekwisha kupandishwa. Nahodha alipomwona akaamuru meli ingoje dakika tano. Rafiki akamkodia mashua nyingine kwa rupia kumi, naye akavutwa juu kwa kamba! Kutoka Lamu alifika Mombasa, kisha Unguja, alikokaa siku nane au kumi akingoja meli nyingine. Kamba ile ya Lamu ingekatika, historia ya nchi mbili ingeandikwa vingine.

Alifika Durban mwishoni mwa Mei. Dada Abdulla alikuwa mtu asiye na elimu ya shule, lakini akili yake ya biashara ilikuwa kali kama wembe. Alimtazama kijana huyu wa suti na kujiuliza atamtumia kwa kazi gani. Gandhi naye akajiuliza vivyo hivyo, kwa maana alipofunguliwa jalada la kesi aliona kuwa karibu yote ni hesabu. Karani alikuwa akizungumza juu ya kutia na kutoa, na juu ya hati fulani ambazo Gandhi hakupata kuzisikia. Alitafuta neno lile katika kamusi, asilipate. Ikambidi amwulize karani, na karani akamweleza kuwa ni hati za ahadi ya kulipa, yaani karatasi ambayo mdaiwa hutia sahihi kwamba atalipa kiasi fulani siku fulani.

Sasa tazameni alilolifanya. Hakujidai kuwa anajua, wala hakusema kuwa mambo ya daftari ni ya makarani. Alinunua kitabu cha kufundishia uwekaji wa hesabu, akakisoma mwenyewe hata akakielewa. Wazee wetu wa pwani wana msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Gandhi aliona kuwa na kesi bila daftari hupotea vilevile.

Kesi ilikuwa ikisikilizwa Pretoria, katika Transvaal, basi baada ya siku chache akatumwa huko. Wengi wetu tunaijua safari hiyo. Alikuwa na tikiti ya daraja la kwanza, lakini katika stesheni ya Pietermaritzburg aliamriwa ahamie behewa la mizigo kwa sababu ya rangi yake. Alipokataa, askari akamsukuma nje, na usiku ule wa baridi wa Juni 1893 akautumia katika chumba cha abiria. Aliwaza arudi kwao au aende mbele. Akaamua kwamba kuikimbia kazi aliyoiahidi ni uoga. Mbele alipigwa tena, safari hii na kiongozi wa gari la farasi, lakini alifika Pretoria. Mambo haya yanasimuliwa kila mahali, kwa hiyo sitakaa juu yake. Nataka turudi kwenye jalada.

Mdaiwa alikuwa Tyeb Haji Khan Muhammad, mfanyabiashara mkubwa wa Pretoria. Yeye na Dada Abdulla walikuwa jamaa, tena watu wa mji mmoja. Sehemu ya deni ilitokana na hati za ahadi zilizokwisha kutiwa sahihi, na sehemu nyingine ilitokana na ahadi ya kutoa hati ambazo hazikutolewa. Tyeb alijitetea kwamba hati zile zilipatikana kwa hila, na kwamba hakupewa mali ya kutosha iliyolingana nazo. Mwamuzi wa shauri la namna hii hana budi kupita katika vitabu vya hesabu vya miaka kadhaa, mstari kwa mstari, na barua za biashara pia. Barua hizo nyingi ziliandikwa kwa Kigujarati, na Gandhi ndiye aliyezitafsiri.

Alizisoma karatasi zote, za mdai na za mdaiwa. Aliulinganisha ushahidi na vitabu. Hapo zamani mtu mmoja alikuwa amemfundisha kuwa robo tatu za sheria ni kujua mambo yenyewe yalivyotukia, na wakili mashuhuri wa Afrika ya Kusini aliyeitwa Leonard naye alimwambia neno la namna hiyohiyo, kwamba ukiyashika mambo ya kweli sawasawa, sheria itakuja yenyewe upande wako. Gandhi akaijaribu kanuni hiyo, akaona kuwa kwa mambo ya kweli Dada Abdulla alikuwa na haki, na sheria ilikuwa pamoja naye. Kwa maneno mengine, kijana aliyeshindwa kuuliza swali moja Bombay sasa alikuwa na kesi ya kushinda mikononi mwake.

Wakili mwingine angengoja siku ya kushangiliwa. Gandhi aliona jambo jingine. Aliona mawakili wa pande zote mbili wanalipwa kila siku, na gharama zinapanda. Aliona kuwa hata atakayeshinda hatarudishiwa zote alizotumia. Aliona wafanyabiashara wawili wakubwa wameacha biashara zao kwa sababu ya kuwaza kesi usiku na mchana, na chuki inazidi. Kesi ikiendelea hivi, alijisemea moyoni, itawamaliza wote wawili. Basi akamwendea Tyeb, akamsihi akubali shauri lipelekwe kwa mwamuzi mmoja ambaye pande zote mbili zinamwamini. Haikuwa kazi nyepesi, lakini mwisho walikubali. Mwamuzi akateuliwa, hoja zikatolewa mbele yake, na Dada Abdulla akashinda. Tyeb aliamriwa kulipa pauni 37,000 hivi, pamoja na gharama.

Hapa wengi wangefunga jalada. Lakini kulikuwa na shida bado. Tyeb hakuweza kuzitoa fedha zile zote kwa mara moja. Akilazimishwa atafilisika, na kwa wafanyabiashara wa Porbandar waliokaa Afrika ya Kusini, kufilisika kulikuwa aibu iliyopita kifo. Njia moja tu ilibaki, nayo ni Dada Abdulla kupokea kidogo kidogo. Gandhi asema katika kitabu cha maisha yake kuwa kazi ya kumshawishi mshindi akubali malipo ya mafungu ilikuwa ngumu kuliko kazi ya kuwapatanisha waende kwa mwamuzi. Hili si ajabu. Mtu aliyeshindwa husikia upesi. Aliyeshinda ndiye mgumu wa kusikia. Lakini Dada Abdulla alikubali, fedha zikalipwa kwa mafungu ya muda mrefu, na heshima ya wote wawili ikapanda mbele ya watu. Dawa ya deni ni kulipa, ni kweli, lakini dawa ikinywewa yote kwa mkupuo yaweza kumwua mgonjwa.

Mimi mwenyewe nimeona kinyume cha jambo hilo. Katika mtaa wetu walikuwapo ndugu wawili walioshirikiana kununua lori. Hawakuandika nani ametoa kiasi gani. Wakagombana, kila mmoja akatafuta wakili, na lori likasimama uani likingoja hukumu kwa muda wa miaka minne. Sisi watoto tuliokota mayai ya kuku chini ya usukani wake. Hukumu ilipotoka, lori lile liliuzwa kama chuma chakavu, na fedha zake hazikutosha kulipa gharama za yeyote kati yao. Hata leo watoto wa nyumba zile mbili hawasalimiani. Tangu nisome habari za Dada Abdulla na Tyeb, kila nipitapo mahali pale huwaza kuwa hakukosekana wakili, ila alikosekana wakili wa kuwaambia ndugu wale jambo ambalo hawakutaka kulisikia.

Baada ya kesi hiyo Gandhi alitaka kurudi kwao, lakini wafanyabiashara wa Natal walimwomba akae awasaidie kupinga sheria ya kuwanyima Wahindi haki ya kupiga kura. Mwaka 1894 akakubaliwa kuwa wakili wa mahakama kuu ya Natal, ingawa chama cha mawakili wa huko kilimpinga. Hakutaka mshahara kwa kazi ya umma. Wafanyabiashara wapatao ishirini wakamlipa kwa mwaka awe wakili wao, naye akaishi kwa hayo.

Sasa nitaeleza mashauri mengine mawili, kwa maana ndiyo yanayoonyesha uwakili wake ulivyokuwa.

La kwanza lilikuwa kesi kubwa ya hesabu. Mahakama ilikabidhi vitabu kwa wahasibu waliobobea ili wawe waamuzi, nao wakatoa uamuzi wa kumpa mteja wa Gandhi ushindi wote. Lakini walikosea jambo moja: kiasi kilichopasa kuandikwa upande wa kudaiwa kiliandikwa upande wa kudai. Kilikuwa kiasi kidogo. Upande wa pili ulipinga uamuzi kwa sababu nyingine, bila ya kuliona kosa hilo. Wakili mkubwa wa upande wa Gandhi akasema kuwa hakuna sheria ya kumlazimisha wakili kutaja kosa linalomdhuru mteja wake, na kwamba wakilitaja, mahakama yaweza kuutupa uamuzi wote na kazi ianze upya. Gandhi akashikilia kuwa litajwe. Mteja, aliyekuwa na hasara ya kuogopa, akakubali shauri la Gandhi. Wakili mkubwa akakataa kusimama, ikambidi Gandhi asimame mwenyewe, naye akitetemeka kama siku ile ya Bombay.

Alipoanza kulitaja kosa, jaji mmoja akadhani ni ujanja wa kimawakili. Gandhi akaumia, lakini akaendelea kueleza taratibu jinsi kosa lilivyoingia. Majaji wakaanza kuelewa. Wakili wa upande wa pili alipotaka uamuzi wote ufutwe kwa ajili ya kosa hilo, majaji hawakukubali, kwani waliona kuwa ni kosa la kalamu tu, na si haki kuwarudisha watu katika gharama mpya. Wakalisahihisha, na uamuzi ukabaki. Mteja alipoteza kiasi kidogo na kupata haki yake yote iliyobaki.

La pili ni habari ya rafiki yake Parsi Rustomji, mfanyabiashara wa Durban. Huyu alikuwa akimweleza Gandhi kila jambo isipokuwa moja: alikuwa akiingiza bidhaa kutoka Bombay na Calcutta bila ya kulipa ushuru wote wa forodha. Siku alipogunduliwa alikimbilia kwa Gandhi huku machozi yanamtoka, akiogopa jela. Gandhi hakumtafutia tundu la kupenya. Alimwambia kuwa aibu imo katika kutenda kosa, na jela ikija ni malipo yake. Basi aende akakiri yote, hata yale ambayo forodha haikuyajua. Gandhi mwenyewe akaenda kwa wakuu wa forodha na kwa mwanasheria mkuu wa serikali, akaeleza mambo yote waziwazi. Kesi haikufika mahakamani. Rustomji alilipa mara mbili ya kiasi alichokiri kukwepa. Kisha akaiandika habari yote, akaitia katika fremu, akaitundika ofisini kwake ili warithi wake na wafanyabiashara wenzake waisome.

Gandhi mwenyewe aliandika baadaye kuwa kesi ya Dada Abdulla ndiyo iliyomfundisha uwakili wa kweli, kwamba kazi ya wakili ni kuwaunganisha watu waliotengana. Katika miaka ishirini ya kazi yake, muda mwingi aliutumia kupatanisha mamia ya mashauri nje ya mahakama. Asema kuwa hakupoteza kitu kwa kufanya hivyo, hata fedha hakupoteza.

Yaliyofuata tunayajua. Aliacha uwakili akashika kazi ya kuwatetea watu wake, akafungwa mara nyingi, akaondoka Afrika ya Kusini mwaka 1914. Kwao India, mwaka 1922 alihukumiwa kifungo kwa maandishi yake, na chama cha mawakili cha London kilichompa cheti, Inner Temple, kikafuta jina lake katika orodha yake. Aliuawa kwa risasi mjini Delhi tarehe 30 Januari, 1948. Jina lake lilirudishwa katika orodha ile mwaka 1988, miaka arobaini baada ya kufa kwake.

Basi vijana wenzangu mnaotaka kuwa mawakili, msitishike kama ulimi wenu ni mzito, na wala msijivune kama ni mwepesi. Huyu alianza kwa kushindwa kusema, akainuka kwa kusoma daftari ambalo wengine waliliona ni kazi ya karani. Saa ya somo la uwekaji hesabu, ambapo wengi wetu husinzia, ndiyo saa ya kuanza uwakili. Nanyi wazazi wetu, mnaposhirikiana na ndugu au jirani katika biashara, andikeni siku ileile nani ametoa nini. Na ikiwa ugomvi umekwisha kuingia, tafuteni mapema mtu mmoja ambaye nyote wawili mnamwamini, kabla kuku hawajaanza kutaga ndani ya lori.